Kidole kimoja, namba mbili: Mashine yako ya sukari inaaminika kiasi gani?

Umeamka, hujatia kitu mdomoni, umejidunga kidole. Mashine inakwambia 6.8. Kwa sababu una shaka, unatoa stripu nyingine, unadunga kidole cha pili, na sasa inasema 7.9. Hata dakika mbili hazijapita. Uamini gani?

Wengi hapa hufanya moja kati ya mambo mawili. Kuna wanaochagua namba inayowafurahisha, kisha maisha yanasonga. Na kuna wanaotupa mashine kwenye droo wakisema ni feki, waliingizwa boksi. Lakini inawezekana kabisa kwamba namba zote mbili ziko sawa, kwa kipimo cha kanuni zile zile zinazotumiwa kuamua kama mashine ya aina hiyo inafaa kuuzwa.

Kwa kijana anayeishi na kisukari, hili si suala la kubishania tu pale kijiweni. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye kongosho yake haitoi insulini, hujidunga kila siku, na kiasi anachojidunga hutegemea hiyo namba. Mashine ikimdanganya kwamba sukari iko juu, atajidunga insulini nyingi na sukari itaporomoka: atatetemeka, atatoka jasho, ataongea vitu visivyoeleweka, na asipopata msaada haraka anaweza kuzirai au hata kufa. Ikimdanganya kwamba iko chini, atakula vitamu asivyovihitaji na kujinyima dawa aliyoihitaji, na sukari itaendelea kupanda kimya kimya.

Kwa hivyo swali la maana ni hili: mashine inakosea kwa kiasi gani, inakosea lini, na wewe unaweza kufanya nini?

Kanuni inaruhusu makosa kiasi gani?

Kuna kipimo cha kimataifa kinachoitwa ISO 15197, na toleo linalotumika sana ni la 2013. Kinasema hivi: sukari ikiwa 5.55 au zaidi, matokeo 95 kati ya 100 ya mashine yasipishane na ya maabara kwa zaidi ya asilimia 15. Sukari ikiwa chini ya 5.55, tofauti isizidi 0.83. (Hapa tunatumia milimoli kwa lita, ile mmol/L unayoiona kwenye mashine nyingi za Kenya.)

Hebu tuweke namba hizo mezani. Tuseme maabara imepata 8.0. Asilimia 15 ya nane ni 1.2, kwa hivyo mashine inaweza kusema chochote kati ya 6.8 na 9.2 na bado ikawa imepita mtihani. Zile 6.8 na 7.9 za asubuhi zimo ndani bila wasiwasi.

Sasa chukua 15.0. Mashine inaweza kuonyesha karibu 12.8 au 17.2. Tofauti inaonekana kubwa, lakini ujumbe ni ule ule: sukari iko juu, chukua hatua.

Penye moto ni huku chini. Maabara ikisema 4.0, mashine inaweza kukwambia 3.2 au 4.8. Sukari ikiwa chini ya 3.9 huhesabiwa kuwa imeshuka na inahitaji kurekebishwa mara moja. Mwenye kuona 4.8 anaweza kuwasha pikipiki aende zake. Mwenye kuona 3.2 anatafuta soda. Ni damu ile ile, lakini maamuzi ni tofauti kabisa.

Kumbuka pia kwamba kanuni inadai matokeo 95 kati ya 100, si yote. Ukipima mara nne kwa siku, hiyo ni mara 28 kwa wiki. Hata kwa mashine iliyofaulu, kipimo kimoja hivi kwa wiki kinaweza kutoka nje ya mipaka, na hakitakuja na onyo lolote kwenye skrini.

Na je, zinazouzwa zote zinafaulu? Mwaka wa 2018, watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mashine 18 zilizokuwa tayari sokoni humo. Walizipima bila upendeleo, mashine dhidi ya maabara, kwa mipaka inayokaribiana na hiyo ya asilimia 15. Zilizofaulu zilikuwa sita tu. Hizo zilikuwa mashine zilizoidhinishwa katika nchi yenye usimamizi mkali. Funzo lake ni kwamba kibali cha siku ya kwanza hakikuhakikishii kila pakiti itakayotoka kiwandani miaka mitano baadaye.

Kazi yote iko kwenye stripu

Zamani jambo hili lilikuwa gumu zaidi. Mashine za kwanza za kupima sukari kwa tone la damu zilitokea Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960. Zilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja na ziliuzwa kwa madaktari na hospitali pekee, zikiwasaidia kutofautisha usiku mtu aliyezirai kwa kisukari na mlevi aliyelala fofofo. Mhandisi mmoja, Richard Bernstein, aliyekuwa na kisukari tangu utotoni, aliitaka. Hakuruhusiwa kuinunua. Bahati yake, mkewe alikuwa daktari, basi ikanunuliwa kwa jina la mke kwa dola 650. Bernstein akawa miongoni mwa wagonjwa wa kwanza kujipima nyumbani, na baadaye akarudi darasani akawa daktari mwenyewe.

Leo mashine inaingia mfukoni pamoja na simu. Lakini wengi hatujui kwamba hicho kidude chenye skrini hakifanyi kazi kubwa. Kazi iko kwenye stripu. Ndani yake kuna kimeng'enya, kemikali inayoichangamkia glukosi ya kwenye damu. Vikikutana, umeme mdogo sana huzalishwa. Glukosi ikiwa nyingi, umeme unakuwa mwingi. Mashine inauhesabu umeme huo na kukuandikia namba.

Kwa maneno mengine, mashine ni karani na stripu ndiyo shahidi. Shahidi akiwa mlevi, karani ataandika uongo kwa mwandiko mzuri. Ndiyo maana mtu anaweza kubadilisha mashine tatu na bado apate matokeo ya ajabu, kumbe stripu zake zilishapikwa na jua.

Vidole vya embe

Chanzo cha makosa kilicho rahisi kuliko vyote hakimo kwenye mashine. Kimo mkononi mwako.

Mwaka wa 2011, watafiti wa Japani walichapisha jaribio ambalo mtu yeyote angeweza kulifanya jikoni. Waliwachukua watu wasio na kisukari, wakawaambia wamenye matunda kama machungwa, zabibu na kiwi, kisha wakawapima sukari kidoleni. Walionawa mikono kwa maji walipata matokeo ya kawaida. Wasionawa, namba zilipaa. Lakini kilichowashangaza wengi ni hiki: hata waliopangusa kidole kwa spiriti, matokeo bado yalikuwa juu kupita ukweli. Spiriti huua viini. Haiondoi sukari iliyoganda kwenye ngozi.

Sasa leta jambo hilo nyumbani. Umekula embe la Malindi, au ndizi mbivu, au mandazi ya jana yaliyopakwa jemu. Umejipangusa kwenye suruali, ukajidunga. Tone la damu ni dogo kuliko punje ya mchele, kwa hivyo chembe kidogo tu ya sukari kwenye ngozi inatosha kulivuruga.

Madhara yake yaweke kwenye hesabu. Chukua mtu ambaye daktari amempa mpango wa kujidunga yuniti moja ya insulini kwa kila 2.0 anazotaka kushusha, na lengo lake ni 7.0. Sukari yake halisi ni 6.0, mambo yako poa. Lakini kwa sababu ya embe, mashine inasema 17.0. Anapiga hesabu: kumi zimezidi, gawanya kwa mbili, yuniti tano. Anajidunga. Yuniti hizo tano zina nguvu ya kushusha sukari kwa kumi, na yeye alikuwa na sita tu. Embe halikumdhuru kwa kuliwa, limemdhuru kwa kubaki kidoleni.

Dawa yake ni maji na sabuni, kisha kukausha mikono vizuri. Kukausha ni muhimu kwa sababu maji yakichanganyika na damu, namba inashuka. Kama uko kwenye matatu na hakuna maji, dunga kidole, futa tone la kwanza, kisha tumia la pili. Na usikikamue kidole kama unayekamua ndimu, kwani majimaji ya mwilini yatachanganyika na damu. Pasha mkono joto, uning'inize chini kidogo, kisha dunga pembeni mwa ncha ya kidole.

Jua la Garissa, unyevu wa Lamu na uchumi wa kadogo

Soma lebo ya kichupa chako cha stripu. Nyingi zinataka kuhifadhiwa mahali pasipozidi nyuzi 30 za Selsiasi. Sasa fikiria kijana wa Garissa, Lodwar au Mombasa wakati wa kaskazi. Fikiria pia stripu zilizoachwa kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani Nairobi, au ndani ya sanduku la bodaboda mchana kutwa. Kimeng'enya huharibika kwa joto, na stripu iliyoharibika haibadilishi rangi ili ikuonye. Inaendelea kutoa namba.

Unyevu nao ni adui. Kile kichupa hakikutengenezwa kwa urembo. Kina kitu ndani kinachofyonza unyevu, na kifuniko chake kinabana kwa makusudi. Ukitoa stripu, funga papo hapo. Ukikiacha wazi usiku kucha kwenye keja yenye unyevu, au ukihamishia stripu kwenye kikopo kingine kwa sababu ni kidogo na kinaingia mfukoni, umeziharibu kwa mkono wako. Wala usizitie kwenye friji ukidhani unazisaidia, ila kama lebo inaruhusu. Ukizitoa, unyevu hujikusanya juu yake.

Hapa ndipo tunapokutana na mfuko. Mashine unainunua mara moja. Stripu unazinunua maisha yako yote. Mtu anayepima mara nne kwa siku anamaliza kichupa cha stripu 50 chini ya wiki mbili. Kwa mwanafunzi anayehesabu nauli, chapaa haitoshi, na inaeleweka kwamba atatafuta njia za mkato: kununua stripu mbili tatu zilizofungwa kwenye karatasi, kununua za bei poa mtandaoni, au kupokea zilizobaki kwa jirani.

Stripu zinazouzwa moja moja si mbaya zote. Kuna zinazotoka kiwandani kila moja ikiwa kwenye pakiti yake ya karatasi ya fedha, na hizo ziko sawa. Shida ni zile zilizotolewa kwenye kichupa na kupewa wewe zikiwa uchi. Hujui zilifunguliwa lini, ziliwekwa wapi, wala zinaisha muda lini. Mwaka wa 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwa umma kuhusu stripu zilizokwisha kumilikiwa na mtu mwingine. Onyo hilo lina maana hapa pia.

Cheki vilevile tarehe mbili. Ya kwanza ni ya kuisha muda, iliyochapishwa. Ya pili huiandiki usipokumbuka: siku uliyofungua kichupa. Aina nyingi za stripu hudumu miezi michache tu baada ya kufunguliwa, na lebo inakwambia ni mingapi. Chukua kalamu, andika tarehe kwenye kichupa.

Damu yenyewe inaweza kuvuruga hesabu

Mikono ni safi, stripu ni mpya, na bado namba si sahihi. Inawezekana, kwa sababu mashine inakisia mambo fulani kuhusu damu yako.

La kwanza ni wingi wa seli nyekundu. Kwa mashine nyingi, mtu mwenye upungufu wa damu husomewa sukari iliyo juu kuliko ilivyo. Hili linawagusa wajawazito, wasichana wanaotokwa na hedhi nzito, wenye ugonjwa wa figo na wenye selimundu. Hatari yake ni kwamba sukari ikishuka, mashine inaweza kuonyesha kwamba bado iko sawa. Mashine za kisasa zaidi hujaribu kusahihisha jambo hili, na kijitabu huonyesha ni kiwango gani cha seli nyekundu zinachoweza kuvumilia.

La pili ni dawa. Vitamini C kwa kiwango kikubwa, hasa ya kupitia mshipani, huweza kupandisha matokeo ya mashine nyingi, na kuna zinazovurugwa na paracetamol. Mfano mzito zaidi uliwahusu wagonjwa wa figo waliosafishwa damu kupitia tumboni kwa majimaji yenye aina fulani ya wanga. Wanga huo ukivunjwa mwilini hutoa sukari iitwayo maltosi, na kulikuwa na stripu zisizoweza kutofautisha maltosi na glukosi. Mnamo 2009, FDA ilitangaza kwamba ilikuwa imepokea ripoti 13 za vifo vilivyohusishwa na stripu za aina hiyo tangu 1997. Mashine zilionyesha sukari iko juu au sawa, kumbe ilikuwa imeshuka.

La tatu ni hewa. Stripu zinazotumia kimeng'enya kiitwacho glukosi oksidesi huathiriwa na oksijeni. Ikiwa haba, namba inaweza kupanda. Kuishi Nairobi au Eldoret si tatizo, lakini kama wewe na mbogi yako mnapanga kupanda Mlima Kenya hadi Point Lenana, mita 4,985, soma kwanza kijitabu cha mashine kinasema mwisho wake ni urefu gani. Baridi ya huko nayo huzuia mashine kufanya kazi, kwa hivyo ibebe karibu na mwili.

HI si salamu

Mashine ikiandika HI, haikusalimii. Inamaanisha sukari imepita kiwango cha juu inachoweza kusoma, ambacho kwa mashine nyingi ni 33.3. Nawa mikono, rudia, na ikibaki HI, nenda hospitali. LO ni kinyume chake, sukari iko chini mno kiasi kwamba haipimiki. Usingoje hata kidogo, tafuta kitu kitamu.

Kisha kuna mkanganyiko wa vipimo. Binamu yuko Marekani, amekutumia mashine nzuri. Unajipima, inasema 126, unakaribia kuandika wosia. Tulia. Marekani hutumia miligramu kwa desilita. Gawanya kwa 18: hiyo ni 7.0. Ubaya ni pale familia ina mashine mbili za vipimo tofauti, na nyanya anasomewa namba na mjukuu ambaye hajui tofauti. Kama inawezekana, nyumba iwe na kipimo kimoja. Na stripu za kampuni moja hazifai kwenye mashine ya nyingine, hata kama zinaingia vizuri kwenye tundu.

Ikiwa mashine yako ni ya zamani na inahitaji kuwekwa kodi kila unapofungua kichupa kipya, usiruke hatua hiyo. Kodi isiyolingana na stripu hupotosha matokeo yote ya kichupa hicho.

Zile saa za mkononi je?

Umeziona mtandaoni na pengine mjini: saa na pete zinazodai kupima sukari bila kudunga. Hakuna damu, hakuna stripu, unaangalia tu mkono. Mnamo Februari 2024, FDA ilionya kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayojipimia sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Namba inayotokea hapo si ya kujidungia insulini. Ukiivaa kwa sababu ya kuhesabu hatua, sawa. Kwa sukari, achana nayo.

Usiichanganye na sensa halisi inayobandikwa mkononi au tumboni, yenye uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi na kutuma matokeo kwa simu. Hiyo inafanya kazi kweli. Ila inapima majimaji yaliyo kati ya seli, si damu, na hubaki nyuma ya damu kwa dakika kadhaa. Sukari ikipanda au kushuka kwa kasi, kwa mfano baada ya kucheza mpira, sensa na kidole vinaweza kutofautiana bila kimoja kuwa kibovu. Hata mwenye sensa anafaa kuwa na mashine ya kidole karibu.

Namna ya kuipima mashine yako

Njia ya kwanza ni maji maalumu ya majaribio yanayotengenezwa na kampuni ya mashine yako. Yana kiwango cha glukosi kinachojulikana. Unaweka tone kwenye stripu badala ya damu, kisha unalinganisha namba na kiwango kilichoandikwa kwenye kichupa. Fanya hivyo unapofungua stripu mpya, mashine inapoanguka, au unapoona matokeo ya kushangaza. Kemisti nyingi haziyaweki, kwa hivyo ulizia unaponunua mashine.

Njia ya pili ni maabara, na mara nyingi inawezekana siku unayoenda kliniki. Beba mashine na stripu zako. Nenda kabla ya kula, kwa sababu baada ya chakula damu ya kidole huwa na sukari zaidi kuliko ya mshipani, na utailaumu mashine bure. Nawa mikono, ukauke. Damu ya mshipani ikishatolewa, jipime kidole ndani ya dakika tano hivi. Andika namba.

Majibu ya maabara yakitoka, toa ndogo kwenye kubwa, gawanya kwa ya maabara, zidisha kwa 100. Maabara ikiwa 7.4 na mashine 8.1, tofauti ni 0.7, ambayo ni karibu asilimia tisa na nusu. Mashine iko fiti. Maabara ikiwa 6.2 na mashine 8.4, hiyo ni asilimia 35. Rudia kwa stripu za kichupa kipya, na ikibaki hivyo, badilisha.

Lakini usidhani maabara haikosei. Damu ikikaa kwenye chupa, seli zake huendelea kula glukosi, na sukari hushuka kwa takribani asilimia tano hadi saba kila saa. Ndiyo maana hutiwa kwenye chupa ya kifuniko cha kijivu yenye kemikali ya kupunguza ulaji huo, na inafaa kupimwa mapema. Sampuli iliyotolewa saa mbili asubuhi na kupimwa saa nane mchana inaweza kuifanya mashine yako nzuri ionekane mbovu.

Kuna kipimo kingine cha kukusaidia, HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu. HbA1c ya asilimia 7 inalingana na wastani wa karibu 8.6. Kama kumbukumbu za mashine yako zina wastani wa 6.5 na HbA1c inakuja 9, kuna kitu hakiendi sawa: huenda mashine inakosea, au unapima tu saa ambazo sukari huwa nzuri. Mwenye selimundu au upungufu wa damu amweleze daktari, kwa sababu hata HbA1c yenyewe inaweza kupotoka.

Namba na mwili vikikataana

Mashine inasema 6.5, lakini unatetemeka, jasho jembamba linakutoka, na moyo unadunda. Sikiliza mwili. Kunywa kitu chenye sukari ya haraka: vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu kikombe cha soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Kisha nawa, rudia kwa stripu mpya, na upime tena baada ya dakika 15. Kosa la kunywa sukari kidogo usiyoihitaji hurekebishika. La kungoja sukari inayoporomoka huenda lisirekebishike.

Kinyume chake, mashine ikisema 18 na wewe huhisi chochote, usikimbilie sindano. Nawa mikono, rudia kwanza. Sekunde 30 za maji na sabuni ni rahisi kuliko usiku mzima wa kuhangaika.

Na marafiki, hili ni lenu. Mkiwa kwenye sherehe na mwenzenu mwenye kisukari anaanza kuyumba na kuropoka, msiseme tu amelewa. Pombe yenyewe hushusha sukari, wakati mwingine saa nyingi baadaye, na dalili zinafanana mno. Mpimeni. Kama hampati mashine na bado anaweza kumeza, mpeni soda. Kama amezirai, msimtie kitu mdomoni, mlazeni kwa ubavu na mkimbizeni hospitali. Lakini msimpime kwa sindano iliyomdunga mtu mwingine. Sindano hizo ndogo, na hata kalamu inayozirusha, haziazimwi, kwa sababu damu kidogo tu yaweza kubeba virusi vya homa ya ini.

Kwa wale ambao hawajawahi kupimwa, utafiti wa kitaifa wa STEPS wa 2015 ulionyesha kwamba karibu Wakenya tisa kati ya kumi walikuwa hivyo. Kupimwa kidole kwenye kambi ya matibabu mtaani ni mwanzo mzuri, ila namba ya mashine haitoshi kukutangaza mgonjwa, wala kukuondolea shaka kabisa. Ikiwa juu, nenda maabara. Kama unakojoa sana, una kiu isiyoisha na unakonda bila sababu, nenda leo hii, hata kama mashine ya jirani imekwambia uko sawa.

Unapoenda kununua, uliza maswali manne kabla ya kutoa pesa: mashine hii inafuata ISO 15197 ya 2013? Stripu zake zinapatikana mtaani kwetu mwaka mzima, na kwa bei gani? Zimehifadhiwa wapi hapa dukani? Maji ya majaribio yapo? Muuzaji akikosa majibu, kuna kemisti nyingine mbele. Na ukigundua stripu zinazokosea vibaya, usizitupe. Weka kichupa chenye namba ya toleo, ripoti kwa kliniki yako au kwa Bodi ya Dawa na Sumu, ambayo ndiyo husimamia vifaa vya matibabu nchini. Huenda stripu za toleo hilo hilo ziko kwenye mkoba wa mtu mwingine, naye hajui.